Mshahara unaingia, ankara zimelala: uchambuzi wa kisa cha ofisa manunuzi

Mhusika wa kisa hiki ni ofisa manunuzi wa miaka 41 katika kiwanda cha vifaa vya ujenzi. Ana mke na watoto wawili wanaosoma. Mke wake ni fundi cherehani aliyejiajiri. Kisa nimekiunda mwenyewe ili hesabu zionekane wazi, na ili kisifungwe na sarafu ya nchi yoyote, mshahara wake wa mwezi baada ya makato yote nauita 100. Kila kiasi kingine kinapimwa kwa hiyo 100.

Kazi yake haijapotea, na ugumu wa kisa uko hapo hapo. Aliyekwishapewa barua anajua la kufanya hata kama halipendi. Huyu anaamka, anaingia kazini, mshahara unafika tarehe ile ile, na bado usiku anageuka kitandani.

Anachokiona mezani kwake

Uchumi ukidorora, viwanda vya vifaa vya ujenzi huumia mapema, kwa sababu nyumba ni kitu ambacho watu wanaweza kuahirisha kuijenga. Kiwandani kwake mambo yamekwenda kwa mfuatano unaofahamika. Walioacha kazi hawakuzibwa nafasi zao. Saa za ziada zikafutwa. Halafu vibarua na wenye mikataba ya muda wakaambiwa mikataba haitaongezwa. Mwajiri huanza kupunguza pale ambapo hadaiwi notisi wala kiinua mgongo, kwa hiyo wenye ajira ya kudumu hujikuta mwisho wa foleni, na wengi hudhani kuwa mwisho wa foleni ni nje ya foleni.

Dalili nzito zaidi hakuipata kantini. Iko kwenye kompyuta yake. Wazabuni walizoea kulipwa ndani ya siku 30. Zikawa 60. Sasa ni 90, na agizo la mhasibu mkuu lilikuja kwa mdomo, bila barua pepe: walipwe wale tu ambao wakigoma mashine zitasimama. Safu ya tarehe za malipo imejaa nyekundu kutoka juu hadi chini. Mzabuni wa mifuko ya kufungashia, ambaye zamani alipiga simu kuuliza oda mpya, sasa anapiga kuulizia pesa: "Kaka, sikusumbui kwa ubaya, ila na mimi nina vijana wa kulipa Ijumaa."

Kampuni inayochelewesha wazabuni inakopa kwao bila riba. Kwa kawaida hufanya hivyo benki inapokuwa imebana, au inapohofia kwamba itabana. Na baada ya wazabuni, fungu kubwa linalofuata la kuguswa ni mishahara. Wiki iliyopita idara ya rasilimali watu iliomba orodha mpya ya watumishi: tarehe ya kuajiriwa, cheo, siku za likizo zisizotumika. Orodha kama hiyo inaweza kuwa ya ukaguzi tu. Ikija pamoja na ankara za siku 90, mimi ningeisoma kama hesabu ya gharama za kuwaondoa watu.

Ajipange kwa muda gani? Mfano wa Marekani unasaidia kwa kuwa takwimu zake zinajulikana. Mdororo mkubwa wa huko ulianza Desemba 2007 na ukatangazwa rasmi kuwa uliisha Juni 2009. Lakini kiwango cha ukosefu wa ajira kiliendelea kupanda hadi kikafika asilimia 10 Oktoba 2009, miezi kadhaa baada ya uchumi wenyewe kuanza kunyanyuka. Katikati ya mwaka 2010, mtu wa kati katika mstari wa wasio na kazi alikuwa amekaa bila kazi kwa takriban wiki 25, ilhali kabla ya mdororo muda huo ulikuwa chini ya wiki 10. Kila nchi ina soko lake la ajira, lakini somo la ucheleweshaji ni lile lile: habari njema za uchumi hutangulia, ajira hufuata nyuma kwa mbali. Kwa hiyo lengo la mhusika wetu naliweka kwenye miezi 6. Kwa sasa hana hata mitatu.

Gari

Haya ndiyo matumizi yake ya mwezi: kodi ya nyumba 28, chakula 26, rejesho la mkopo wa gari 18, ada za watoto 14, mafuta na usafiri 10, umeme, maji na simu 7, kuwasaidia wazazi 6, na mengineyo 9. Jumla 118. Mke huingiza wastani wa 25, hivyo mapato ya nyumba ni 125 na kinachobaki ni 7. Benki kuna akiba ya 240. Mkopo wa gari, ukilipwa wote leo, unadai 245.

Ukitazama zile namba mbili za mwisho utaona kishawishi kinatoka wapi. Akiba inakaribia kulingana na deni. Wazo lake la kwanza ni la mtu muungwana: alipe deni lote, abaki mweupe, kazi ikiisha asidaiwe na mtu. Wazo la pili ni kinyume chake: asiguse akiba hata senti, aendelee kulipa rejesho kama kawaida.

Kabla ya kuchagua, tujue nyumba hii itahitaji nini mshahara ukikatika. Kodi inabaki 28 na ada 14. Chakula kinashuka hadi 22, usafiri 4, umeme, maji na simu 6, wazazi 3, mengineyo 2. Hiyo ni 79. Halafu kuna gharama ambayo wengi huisahau: bima ya afya iliyokuwa ikilipwa na mwajiri. Tuiwekee 6, tunafika 85 bila rejesho la gari, au 103 pamoja nalo. Mapato ya mke sikuyaacha kwenye 25. Wateja wake wengi ni familia za wafanyakazi wa kiwanda kile kile, na watu wakipunguzwa kazi hawashoni nguo mpya. Nimempa 18, na huenda hata hapo nimekuwa mkarimu. Kwa hiyo pengo la kila mwezi ni 67 kama deni limeisha, na 85 kama deni lipo.

Njia ya kwanza, kulipa deni kwa akiba yote na 5 inayopungua kutoka kwenye mshahara: anabaki na akaunti tupu na gari lisilodaiwa. Akipewa barua mwezi ujao, itabidi auze gari ndipo ale. Leo, kwa utulivu, gari hilo lingeuzika kwa 290. Lakini wiki ambayo kiwanda kinaachisha watu, matangazo ya magari yanakuwa mengi na wanunuzi wanajua nani ana shida. Tuseme apate 200. Ukigawa kwa pengo la 67, ni miezi 3.

Njia ya pili, kushika akiba na kuendelea na mkopo: 240 kugawa kwa 85 ni miezi 2.8.

Kumbe njia mbili zilizomkosesha usingizi zinatofautiana kwa siku chache tu. Kama angelazimika kuchagua moja kati ya hizo, ningemwambia ashike pesa taslimu. Mwenye nyumba hapokei kadi ya gari badala ya kodi, na benki iliyopokea malipo yako ya mapema haitakukopesha tena ukiwa huna mshahara. Tena mkopo unaweza kupangwa upya, marejesho yakapungua na muda ukaongezeka. Gharama yake ni riba zaidi kwa jumla, lakini benki humsikiliza kwa upole zaidi mteja anayefika kabla hajachelewesha hata rejesho moja.

Ila jibu halikuwa kwenye njia yoyote kati ya hizo. Alilitoa mke, siku mume alipomwekea karatasi ya matumizi mezani. Alipitisha kidole kwenye 18 ya rejesho, akashuka hadi 10 ya mafuta, akauliza: "Baba watoto, hili gari linatulisha, au sisi ndio tunalilisha?"

Njia ya tatu ni kuuza gari sasa hivi, mshahara ukiwa bado unaingia. Kwa 290 analipa 245, anabaki na 45, akiba inafika 285. Rejesho linaondoka, mafuta yanapungua. Wakibana na mengine kidogo (chakula 23, usafiri 6, umeme, maji na simu 6, mengineyo 5, wazazi waendelee na 6 yao), matumizi yanashuka hadi 88, na kila mwezi wanaweka 37 badala ya 7. Kazi ikidumu miezi minne tu, akiba inakuwa 433. Gawa kwa 67: karibu miezi sita na nusu. Asingefanya chochote, miezi hiyo minne ingempa 268, na kwa pengo la 85 angedumu mitatu na siku chache.

Hesabu hiyo ingebadilika kama gari lingekuwa la kuingiza kipato, au kama zamu zake zingekuwa za usiku mahali pasipo usafiri. Hapa si hivyo. Kizuizi kilichobaki ni aibu ya kuonekana umeshuka, na hiyo sidharau. Watu hukaa na gari miezi mingi kwa sababu ya majirani. Lakini majirani hao hao watalinunua kwa bei ya kutupa akisubiri.

Kuna sababu nyingine ya kushusha matumizi hadi 88 na si kungoja tu. Wachumi watatu wa Marekani, Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan, walichapisha mwaka 1993 utafiti juu ya wafanyakazi wa Pennsylvania waliokuwa wamekaa kazini miaka 6 au zaidi kabla ya kuondolewa. Miaka mitano hadi sita baadaye kipato chao kilikuwa pungufu kwa wastani wa robo hivi kuliko ambavyo kingekuwa. Na upungufu ulikuwa umeanza hata kabla ya siku ya kuondoka. Mhusika wetu tayari amepoteza saa za ziada, kwa hiyo ameshaingia kwenye mteremko huo bila kuuita jina. Kazi yake ijayo ikilipa 75 na mke akabaki kwenye 18, mapato ni 93. Nyumba ya 118 haiishi kwa 93. Nyumba ya 88 inaishi, hata akianza kulipa bima mwenyewe kwa 5 iliyobaki, ambayo inapungukiwa na moja tu.

Dhamana

Jambo hili halikuwa kwenye karatasi yake hata kidogo. Mwaka jana alimdhamini mwenzake wa idara hiyo hiyo kwenye chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi. Salio la mkopo huo ni 60, karibu sawa na mwezi mzima wa kuishi bila mshahara. Dhamana haimkati mdhamini chochote mkopaji akilipa vizuri, kwa hiyo husahaulika. Lakini mdhaminiwa na mdhamini wakipunguzwa siku moja, chama kitamgeukia mdhamini, na pengine kitaanza kwa kuzuia akiba zake zilizomo humo humo.

Kujitoa kwenye dhamana kwa kawaida haiwezekani mpaka apatikane mtu wa kuchukua nafasi yake. Anachoweza ni kumkalisha mwenzake chini, kujua salio halisi, na kumwomba atafute mdhamini aliye nje ya kiwanda. Wakati huo huo mfanyakazi wa pili amekuja na fomu yake akiomba sahihi. Hapo aseme hapana, na sababu anayo ambayo haimvunjii mtu heshima: "Ndugu yangu, wakitupunguza wote siku moja, nani atamlipia mwenziwe?"

Angalia jinsi nyumba hii ilivyoegemea ukuta mmoja. Mshahara unatoka kiwandani, wateja wa mke wanatoka kiwandani, dhamana ni ya mtu wa kiwandani, na sehemu ya akiba iko kwenye chama ambacho wanachama wake wote ni wa kiwandani. Kwa maoni yangu hili ni kosa kubwa kuliko deni la gari, na linarekebishwa polepole: akiba mpya iende benki, na mke atafute wateja wa upande mwingine, kwa mfano sare za shule, ambazo wazazi hununua hata hali ikiwa ngumu.

Mambo madogo nayapitia haraka. Jino linalouma na miwani ya mtoto vishughulikiwe bima ikiwa hai. Nakala za mkataba, hati za mshahara na barua za kupandishwa cheo ziwe nyumbani. Orodha za bei na mikataba ya wazabuni asizichukue kabisa. Ni mali ya mwajiri, na mtu akifukuzwa kwa utovu wa nidhamu anaweza kupoteza stahili ambazo angepata kwa kupunguzwa.

Mtu wa mifuko

Akianza kutafuta kazi kimya kimya, atawaendea ndugu na marafiki wa karibu. Ni kawaida, na mara nyingi haisaidii sana, kwa kuwa watu wa karibu wanajua nafasi zile zile anazozijua yeye. Mwanasosholojia Mark Granovetter alilionyesha hilo katika makala ya mwaka 1973, baada ya kuwauliza watu wa eneo la Boston waliopata kazi kupitia mtu: zaidi ya asilimia 80 walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara moja moja au kwa nadra. Sampuli yake ilikuwa ndogo, lakini wazo limestahimili miaka.

Ofisa manunuzi ana hazina ya watu wa namna hiyo kuliko karibu kila mtu kiwandani. Kila mzabuni anawauzia wateja wengine kumi, na anajua nani analipa kwa wakati, nani anapanua ghala, nani amefiwa na mtu wake wa manunuzi. Yule wa mifuko ndiye mtu wake muhimu zaidi mwaka huu. Na namna ya kumtunza ni moja, kumwambia ukweli ulio ndani ya mamlaka yake. Hawezi kumtolea siri za fedha za kampuni. Anaweza kumwambia, "Wiki hii jina lako halipo kwenye malipo, usipange Ijumaa kwa pesa yetu." Wenzake wengi huzima simu au hudanganya kwamba hundi iko njiani. Miezi michache ijayo mzabuni huyo ataulizwa na mteja mwingine kama anamjua mtu mzuri wa manunuzi, na atakumbuka nani alimwambia ukweli.

Barua

Mwezi wa nne inafika barua, lakini si ya kuachishwa. Uongozi unatangaza mpango wa kuondoka kwa hiari: atakayekubali ndani ya siku 7 atalipwa mishahara minne, yaani 400. Kwake, akingoja na kupunguzwa kwa lazima, stahili zake kwa sheria ya kwao zingekuwa 200. Likizo isiyotumika inalipwa kwa vyovyote, kwa hiyo tunaiacha nje.

Kwanza aulize chama cha wafanyakazi kama kimeshauriwa. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuchumi awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa kwa wakati na kujadiliana nao namna ya kuepusha au kupunguza athari. Nchi nyingi hazijauridhia, ila sheria za ndani mara nyingi zina sharti la namna hiyo. Majadiliano si maneno matupu: Ujerumani mwaka 2009 zaidi ya wafanyakazi milioni 1 walipunguziwa saa badala ya kuondolewa, serikali ikifidia sehemu ya mshahara. Pasipo fidia ya serikali, kugawana saa bado kunaweza kupendekezwa.

Sasa hesabu. Tofauti ya mafungu mawili ni 200. Kila mwezi anaobaki kazini una thamani ya 104: 37 anayoweka na 67 asiyoila kutoka akibani. Miezi miwili ya kubaki inafika 208, inaizidi ile tofauti. Kwa hiyo akiamini atadumu zaidi ya miezi miwili, kungoja kunalipa.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba hiyo 200 ya baadaye italipwa, na hapo ndipo jedwali lake lenye nyekundu linamfaa kuliko ushauri wa mtu yeyote. Kampuni ikifilisika, mfanyakazi anakuwa mdai. Mkataba namba 173 wa shirika hilo hilo, wa mwaka 1992, unahusu kulinda madai ya wafanyakazi mwajiri anapofilisika, na sheria nyingi huwapa kipaumbele juu ya wadai wengine. Hata hivyo, kuwa mbele kwenye foleni ya mfilisi ni mambo ya miezi, wakati mwingine miaka. Kodi inadaiwa kila mwezi.

Mimi ningeshauri achukue 400, kwa sharti moja: zilipwe zote kwa mkupuo, siku ya kuondoka. Akiba ya 433 na 400 hiyo ni 833, zaidi ya miezi 12 kwa pengo la 67. Barua ikisema atalipwa kwa awamu nne, akatae na abaki. Malipo ya awamu ni ahadi ya kampuni ile ile ambayo haijamlipa mtu wa mifuko, na yeye ndiye anayejua vizuri ahadi hizo zinavyokwenda.

Linabaki neno la sababu ya kuondoka. Katika nchi nyingi zenye mafao ya kukosa ajira, anayeacha kazi kwa hiari hunyimwa mafao hayo au hucheleweshewa, na mpango wenyewe unaitwa wa hiari. Aulize ofisi inayosimamia mafao kabla ya kutia saini, na aombe barua iseme wazi kwamba nafasi yake imefutwa kwa sababu za kiuchumi za mwajiri. Rasilimali watu wakisita, aombe jibu lao kwa maandishi angali ndani ya zile siku 7.